Chakula kisije kikamla mlaji: kumlisha mtoto wa tarantula

Huko Hamm, Ujerumani, kwenye soko la wafugaji wa nyoka, mijusi na wadudu, nilinunua buibui wa kwetu, mtoto wa tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, kwa bei ya sahani ya chipsi. Alikuwa ndani ya kikopo cha plastiki kisichozidi kidole gumba, amezungushiwa karatasi laini yenye unyevu, na juu ya kifuniko pameandikwa kwa kalamu ya wino: Pterinochilus murinus, Usambara. Muuzaji akanihakikishia kwamba amezaliwa hapohapo Ujerumani, na mama yake pia. Mimi ni mtu wa Tanga. Nikaona tumefanana: sote tunaitwa wa Usambara, na hakuna kati yetu anayelipa kodi ya nyumba huko.

Akikunjua miguu yote minane alienea juu ya ukucha wangu wa kidole kidogo. Spishi hii iliandikwa kwenye vitabu vya sayansi na Mwingereza Reginald Innes Pocock mwaka 1897, na inapatikana kuanzia Kenya na Tanzania hadi Angola. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huwapenda zaidi wale wa rangi ya chungwa, na ndio wanaowabandika jina la milima yetu. (Murinus kwa Kilatini ni "wa panya". Sijawahi kuona panya wa rangi ya chungwa, lakini tuendelee.)

Nilipowauliza wenye uzoefu atakula nini, nilipewa majibu manne yanayogombana. Wa kwanza alisema nzi wa matunda tu. Wa pili, vichanga vya nyenje. Wa tatu alisema nimkatie kipande cha buu. Wa nne alisema nisimpe kitu wiki nzima. Ilinichukua miezi kuelewa kuwa wote wanne walikuwa sahihi, ila kila mmoja alikuwa akijibu swali lake. Mkanganyiko huo hufunguka mtu akianza na mdomo wa buibui kabla ya kufika kwenye duka la chakula.

Mlo wa mtafuna muwa

Tarantula hamezi nyama. Ana chonge mbili zinazochoma kutoka juu kwenda chini. Akishamkamata mdudu humtia sumu, humtemea vimeng'enya na kumponda. Nyama huyeyukia nje, kisha yeye huifyonza kama supu kwa tumbo maalumu la kufyonzea lililomo kifuani. Mdomoni kuna vinyweleo vinavyochuja, kwa hiyo kigumu hakipiti. Mfikirie mtu aliyekaa barazani na pingili ya muwa: anauma, anafyonza, anatema makapi. Asubuhi baada ya mlo utakuta kidonge kidogo cheusi kimetupwa pembeni. Hayo ndiyo makapi yake, na ndiyo ushahidi kwamba amekula hata kama hukumwona.

Kwa jinsi hiyo ya kula kuna mambo mawili ambayo mfugaji mpya huyakosa. La kwanza ni kwamba upana wa mdomo hauna maana. Paka hawezi kumeza mfupa mkubwa kuliko koo lake, lakini buibui anaweza kunywa mdudu mwenye ukubwa wa mwili wake, mradi mdudu huyo hapigani. La pili ni kwamba mdudu si lazima awe hai. Mtoto wa tarantula hula mzoga mbichi bila kinyongo. Ukiuweka mlangoni mwa shimo lake jioni, ataupapasa kwa miguu ya mbele, atatulia kidogo, kisha atauvuta ndani.

Kwa hiyo swali la chakula gani kina virutubisho vingi, ambalo ndilo watu hulianza, kwangu mimi lipo mbali kidogo. Karibu kila mdudu laini asiye na sumu ana kile ambacho buibui anakihitaji. Cha kuuliza kwanza ni kama chakula hicho kinaweza kumjeruhi anayekila.

Harusi ya Köln

Nilikuwa na mtoto mwingine, Tliltocatl albopilosus, wale wapole wa Amerika ya Kati wenye manyoya yaliyojikunja. Ijumaa moja nilimwachia nyenje hai mwenye urefu sawa na wake, nikafunga kifuniko, nikaenda Köln harusini. Jumapili usiku niliporudi nyenje alikuwepo, tena amenenepa. Buibui zilibaki ncha za miguu na gamba lake la zamani.

Nyenje hula kila kitu: majani, unga, mizoga, nyenje wenzao. Buibui anapojivua gamba hulala chali, na gamba jipya huwa laini kama ngozi ya maziwa ya moto. Chonge zake nazo huwa nyeupe na hazina nguvu ya kuchoma. Kwa saa hizo hana silaha hata moja. Nyenje mwenye njaa akimkuta katika hali hiyo hahitaji ushujaa wowote. Mtoto wa tarantula hujivua gamba kila baada ya wiki chache au mwezi hivi, mara nyingi zaidi ya mtu mzima, kwa hiyo hatari hii kwake ipo karibu muda wote.

Tangu hapo nafuata kanuni ambayo wafugaji wengi huitaja: mdudu hai asizidi urefu wa mwili wa buibui bila miguu, na ni salama zaidi akiwa kama tumbo lake tu. Buibui mwenye upana wa sentimita 1 miguu ikiwa imekunjuliwa ana mwili wa milimita 4 hivi. Mdudu wake hai awe wa milimita 2 au 3. Mdudu aliyekufa anaweza kuwa mkubwa kuliko hapo, kwa sababu mzoga haumgeukii mtu. Na kilichobaki hai kisipoliwa, kitolewe siku hiyohiyo. Usiseme utakitoa ukirudi.

Kanuni hii inaonyesha pia kwa nini ushauri wa watu hutofautiana. "Mtoto wa tarantula" si ukubwa mmoja. Watoto wa Theraphosa blondi, yule jitu wa Amerika ya Kusini, huanza maisha wakiwa na upana wa sentimita kadhaa, na wanaweza kupewa nyenje wadogo tangu mwanzo. Watoto wa Cyriocosmus ni wadogo kiasi kwamba nzi wa matunda kwao ni ng'ombe. Aliyeniambia nzi wa matunda tu alikuwa akifuga hao.

Kwenye meza ya kukatia

Chakula ninachokitegemea zaidi ni mabuu ya unga, yaani mabuu ya Tenebrio molitor. Ni vijidude vya rangi ya dhahabu vinavyouzwa kwenye makopo yenye pumba, na vinakaa kwenye friji wiki nyingi bila kukua. Kwa mtoto mdogo wa tarantula sitoi buu zima hata siku moja. Nachukua moja, naliponda kichwa kwa kibano, kisha nalikata vipande vya milimita 2 au 3 kwa mkasi mdogo wa kucha. Kipande kinatoa majimaji meupe mazito. Hicho ndicho buibui anachokitaka, na harufu yake humwita hata akiwa ndani ya utando. Nakiweka juu ya utando wenyewe na si kwenye udongo, maana kikigusa udongo mbichi kinashika uchafu na kesho yake kimeota ukungu.

Kichwa hupondwa kwa sababu buu lililo hai huzama. Baada ya nusu dakika limeshaingia kwenye udongo, na huko linaendelea kuishi na taya zake, likisubiri usiku ule buibui atakapolala chali. Mabuu makubwa ya Zophobas morio ni mabaya zaidi, yanauma kweli, na kwa buibui mchanga sioni sababu ya kuyaingiza nyumbani.

Anayetaka kumwona buibui wake akiwinda, na nakubali kwamba ni raha, atafute nzi wa matunda. Wanaouzwa kwa wafugaji ni wa aina mbili: Drosophila melanogaster, wa milimita 2 na kidogo, na Drosophila hydei, mkubwa kidogo. Wote wametokana na vizazi visivyoweza kuruka, kwa hiyo wanatembea tu. Nzi hawa hawana taya za kuuma, na hilo ndilo linalowafanya wawe chakula hai kilicho salama kuliko vyote. Kasoro yao ni udogo: baada ya buibui kujivua gamba mara mbili tatu, utakuwa unamlisha nzi kumi pale ambapo nyenje mmoja angetosha.

Kuwazalisha si kazi. Ponda ndizi iliyoiva sana, ongeza hamira kiasi cha ncha ya kijiko na matone ya siki, weka kwenye chupa yenye karatasi zilizokunjwa ili wapate pa kupanda, tia nzi ishirini, funika kwa kitambaa. Kwa melanogaster katika joto la nyuzi 25 kizazi kipya hutokea baada ya wiki mbili hivi, na hydei huchelewa zaidi. Kabla ya kufungua chupa iweke kwenye friji dakika chache wapoe na kuzubaa. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza, na kwa mwezi mzima mke wangu alikuwa akiniita "mzee wa nzi" mbele za wageni.

Vichanga vya nyenje, wa milimita 2 tu wanapoanguliwa, ni chakula kizuri ila hufa ovyo ndani ya kopo. Nyenje mkubwa ana faida nyingine: mapaja. Paja moja la nyenje aliyeuawa, lile nene la kurukia, ni mlo kamili wa mtoto wa tarantula. Linashikika vizuri kwa kibano na halina pa kwenda. Mende wa Blaptica dubia wachanga nao ni wazuri, laini, hawanuki sana. Tatizo lao ni kujifukia na kujifanya wamekufa, kwa hiyo nao hupondwa kichwa.

Nyama ya ng'ombe, kuku au samaki sitoi. Inaoza haraka kwenye unyevu ule wa kikopo na hakuna inachoongeza ambacho mdudu hana. Vitoto vya panya, ambavyo watu hupenda kuvipiga picha, ni tamasha la mwenye kamera.

Yule anayeliwa naye ale. Buibui hunywa kilichomo ndani ya mdudu, pamoja na kilichomo tumboni mwa mdudu. Nyenje aliyekaa dukani wiki nzima bila chakula ni gamba tupu. Nikiwanunua huwapa karoti, majani ya mchicha na pumba kwa siku moja au mbili kabla ya kuwatumia. Hatua hii ndogo inazidi ubishi wote wa kama nyenje ni bora kuliko mende.

Wadudu wa bure wa nyumbani

Nikiwa likizo Tanga, jamaa huniuliza: huko mnanunua mende kwa pesa? Ndiyo, tunanunua mende kwa pesa. Na jibu la pili ni kwamba mende wa jikoni kwako asitumike hata kama ni bure. Huyo huenda amepita juu ya chaki ya kuulia mende au dawa ya kupuliza, na dozi isiyomuua mende mkubwa leo inaweza kummaliza buibui mwenye uzito wa punje ya mchele. Hali ni hiyohiyo kwa panzi wa shambani kulikopigwa dawa na kwa kumbikumbi waliookotwa chini ya taa ya mtaani. Sisimizi sitoi hata wakiwa safi: wanauma, wana tindikali, na mmoja akipata njia ya kutoka anaweza kurudi na ukoo wote.

Mchwa wafanyakazi, wale weupe laini, wanafaa kwa ukubwa, mradi watoke kwenye kichuguu kisichowekwa dawa na wale askari wenye vichwa vikubwa watolewe. Nzi wa matunda wa mwituni hujileta wenyewe kwenye embe lililooza. Hao wanaruka, kwa hiyo wapoze kwanza.

Njia nzuri zaidi Afrika Mashariki ni kufuga nyenje mwenyewe. Nchini Kenya ufugaji huu umeshaingia mashambani kwa ajili ya chakula cha watu na kuku, na mwaka 2018 wataalamu walitangaza spishi mpya ya nyenje kutoka huko, Scapsipedus icipe, iliyopewa jina la kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi. Nyenje aliyefugwa kwenye ndoo kwa pumba na majani unajua alichokula tangu siku ya kwanza.

Kwa mnyama mwenyewe, nawasihi wasomaji wa nyumbani wasiende kuchimba mashimo ya buibui milimani. Mwaka 2016 Tanzania ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kutaka kuwatorosha sisimizi malkia nje ya nchi. Sisimizi. Wa Usambara, zaidi ya hayo, ana mbio na ana hasira. Hana yale manyoya ya kurusha yanayowasha kama upupu ambayo tarantula wengi wa Amerika wanayo, kwa hiyo hutegemea chonge, na aking'ata maumivu na kukakamaa kwa misuli huweza kudumu siku kadhaa.

Akikataa

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: buibui wangu hajala siku tisa, nimbadilishie chakula? Kwanza tazama tumbo. Kama ni dogo kuliko kifua na limekunjamana, ana njaa au, mara nyingi zaidi, ana kiu. Kama ni nene, limevutika, linang'aa na limeanza kuwa jeusi, huyo anajiandaa kujivua gamba. Neno hili Watanzania tulilizoea kwenye siasa za mwaka 2011, lakini kwa buibui hakuna longolongo: gamba linatoka kweli. Wakati huo anaweza kukataa chakula kwa siku chache au wiki kadhaa, na wengine huziba mlango kwa udongo na utando. Aliyeniambia nisimpe kitu wiki nzima alikuwa ameona tumbo jeusi kwenye picha niliyomtumia.

Usimchokoe kwa kibano kuona kama yu hai. Usimgeuze ukimkuta chali. Na akishatoka kwenye gamba usimpe chakula siku hiyo, hata kama anaonekana amekonda. Chonge huanza zikiwa nyeupe, zikawa nyekundu, kisha nyeusi. Mpaka ziwe nyeusi hawezi kuchoma kitu. Kwa mtoto mdogo huchukua siku chache, kwa mkubwa wiki au zaidi.

Katika vipindi vya kawaida, mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Wapo wanaowalisha kila siku ili wakue haraka, na kweli wanakua. Kwa dume, kukua haraka maana yake ni kuzeeka mapema, kwa kuwa dume la tarantula haliishi muda mrefu baada ya kukomaa. Na tumbo lililojaa kupita kiasi ni puto: akianguka kutoka juu ya kikopo linaweza kupasuka. Nikiona tumbo limefika mara moja na nusu ya kifua, nasimamisha chakula.

Maji ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayoua wengi kuliko chakula kibaya. Mtoto mdogo hupoteza unyevu haraka, gamba lake ni jembamba. Nalowanisha upande mmoja wa vumbi la makumbi ya nazi lililomo kikoponi na kuacha upande wa pili mkavu, ili achague mwenyewe. Halafu naweka tone juu ya utando kwa bomba la sindano. Akikua kidogo anapata kifuniko cha chupa ya soda chenye maji. Hata wa Usambara, ambaye akiwa mkubwa huvumilia ukavu, utotoni anahitaji kona yenye unyevu.

Yule wa kwangu sasa ameshajivua gamba mara tano na rangi ya chungwa imeanza kukolea miguuni. Jumanne usiku nilimpa kipande cha buu kama kawaida. Alitoka mpaka nusu, akakipapasa, akarudi ndani. Nikadhani amekataa. Nilipozima taa na kuwasha tena baada ya dakika kumi, kipande hakikuwepo, na mlango wa shimo ulikuwa umeshafungwa kwa utando mpya. Asubuhi makapi nilikuta ameyatupa ndani ya kifuniko cha maji, nikamwoshea chombo chake.